Dawa mpya hutoka wapi? Maswali mnayotuuliza baada ya mazungumzo na wakuu wa bioteknolojia

Kikao chetu cha Jumamosi pale Upanga kikiisha, watu hawaondoki. Wanasimama mlangoni na maswali, na mengine yananifuata mpaka kituo cha daladala. Wageni wetu ni watu wanaoongoza kampuni zinazotafuta dawa mpya, wa Afrika na wa mbali, wengi wao wakizungumza nasi kwa video. Wao huongea Kiingereza, sisi tunatafsiri, na muda hautoshi. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi mara kwa mara. Ninayejibu ni mimi mwendesha kikao, si wageni. Si daktari. Ni dada wa kijana mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi unaoitwa pia siko seli, na hicho ndicho kilichonileta kwenye habari hizi.

Kampuni ya bioteknolojia ni kitu gani? Si ndiyo kiwanda cha dawa?

Hapana, ingawa mwishoni hukutana. Kiwanda cha dawa kama kile cha Keko hutengeneza vidonge ambavyo kanuni yake inajulikana tayari. Kampuni ya bioteknolojia huanzia mahali ambapo dawa yenyewe bado haipo, na mara nyingi hutumia viumbe hai, jeni au protini kama karakana yake.

Mfano ulio karibu nasi ni insulini. Zamani ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1976, huko California, mwanasayansi Herbert Boyer na Robert Swanson, mtu wa uwekezaji, walianzisha Genentech. Mwaka 1978 bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu wakatoa insulini ya binadamu, na mwaka 1982 ikaidhinishwa Marekani. Mama anayejidunga insulini ya binadamu asubuhi pale Mbagala anategemea kazi ya vijidudu hivyo.

Shikeni jambo moja hapo: Genentech ndiyo iliyoitengeneza kwanza, lakini aliyeipeleka sokoni ni Eli Lilly, kampuni kubwa na kongwe. Mpaka leo mambo huenda hivyo mara nyingi. Kampuni ndogo hubeba wazo likiwa changa, kubwa huja na fedha, viwanda na wauzaji. Kwa hiyo mkuu wa kampuni ndogo anapotuahidi kwamba dawa yake itatufikia, tunamuuliza kama ahadi hiyo imeandikwa mahali ambapo itamfunga pia atakayemnunua.

Kwa nini miaka kumi na zaidi kwa dawa moja?

Kwa sababu kwanza hujui unachokitafuta kiko wapi. Ganaplacide, dawa mpya ya malaria ya Novartis, kampuni yenye makao Basel, Uswisi, na MMV, shirika linalotafuta dawa za malaria, ilipatikana baada ya kuchuja molekuli milioni 2.3. Ukishapata moja inayoua kimelea, unaanza kuirekebisha: pengine haiyeyuki tumboni, pengine ini linaivunja kabla haijafika kwenye damu, pengine inadhuru moyo. Kisha maabara, kisha wanyama, na baada ya hapo ndipo binadamu. Hata hapo, katika dawa kumi zinazoanza kujaribiwa kwa watu, ni kama moja tu inayofika famasi.

Tuchukue dawa ya mseto. Wa rika langu wanakumbuka klorokwini, jinsi ilivyowasha mwili mpaka mtoto anajikuna usiku kucha. Vimelea vilipoizoea, Tanzania iliiacha mwaka 2001 ikahamia SP, dawa nyingine ya malaria, na SP nayo ikachoka. Mwishoni mwa 2006 tukaanza kutumia ALu, ndiyo dawa ya mseto yenyewe. Lakini safari ya ALu ilikuwa imeanza Mei 23, 1967, siku China ilipozindua mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ukaitwa 523 kwa tarehe hiyo. Tu Youyou na wenzake walipekua maandishi ya tiba ya kale, wakaukuta mmea unaoitwa qinghao, na wakagundua kwamba kuuchemsha kulikuwa kunaharibu kile wanachokitaka. Walipotumia kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, dawa ikatoka: artemisinin, mama wa dawa moja kati ya mbili zilizomo kwenye ALu. Nobel alipewa mwaka 2015. Kati ya mradi ule na kidonge cha mseto kwenye zahanati ya Tandale imepita miaka karibu 40.

Chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza maabara katikati ya miaka ya 1980. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto Oktoba 2021. Ukiona tangazo la dawa "iliyogunduliwa mwezi uliopita", liweke pembeni.

Awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu: maana yake nini?

Ya kwanza ni watu wachache, kwa kawaida wenye afya, na swali ni usalama na kiasi cha dozi. Ya pili ni wagonjwa, makumi hadi mamia: je, inafanya kazi? Ya tatu ni mamia au maelfu, dawa ikilinganishwa na iliyopo sasa au na plasebo, yaani kidonge kinachofanana nayo lakini ndani hakina dawa. Ya nne huja dawa ikishaanza kuuzwa, maana yapo madhara yanayojitokeza kwa mtu mmoja kati ya elfu kumi, na hayo huwezi kuyaona kwa watu mia tatu.

Je, sisi Waafrika tunafanywa watu wa kujaribiwa?

Hili huulizwa kila kikao na silipuuzi. Bara letu limewahi kudhulumiwa katika utafiti, na mwenye hofu ana sababu.

Lakini tazameni pia kinachotokea dawa isipojaribiwa kwetu. Kwa miaka mingi akina mama walikuwa wakivunja na kusaga kidonge cha mseto cha mtu mzima, kichungu, ili wampe mtoto, naye anatapika nusu. Ili kupata kidonge cha mtoto kinachoyeyuka kwenye maji, chenye ladha tamu, ilibidi watoto wenye malaria wahusishwe. Utafiti huo ulifanyika katika nchi kadhaa za Afrika, yetu ikiwamo, na ripoti yake ya mwaka 2008 iliongozwa na Salim Abdulla wa Taasisi ya Afya Ifakara. Kidonge kilianza kutolewa mwaka 2009. RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi saba, na viwili kati ya vituo hivyo ni Bagamoyo na Korogwe. Chanjo ya pili, R21, nayo ilipita Bagamoyo. Watoto wa majirani zetu wamebeba kazi hii, na sioni ikitajwa vya kutosha.

Bagamoyo imeona hata jambo lililowashtua wengi ukumbini: vijana wa Kitanzania wenye afya walikubali kudungwa vimelea hai vya malaria vilivyotayarishwa na kampuni ya Sanaria ya Marekani, wakafuatiliwa kwa karibu na kutibiwa mara vimelea vilipoonekana kwenye damu. Stephen Hoffman, mwanzilishi wa Sanaria, alijifanyia jambo kama hilo katika miaka ya 1980: alichanjwa chanjo ya majaribio, akajiachia aumwe na mbu wenye vimelea, na akaugua malaria. Haimaanishi kila jaribio ni salama. Inamaanisha kwamba kila anayetuletea jaribio aulizwe: je, wewe mwenyewe ungekubali?

Kisheria, hakuna jaribio la dawa linaloruhusiwa kuanza hapa bila kibali cha kamati ya maadili, ambayo kitaifa iko chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Ukiombwa kushiriki, fomu ya ridhaa lazima iwe kwa lugha unayoielewa. Ipeleke nyumbani. Isome na mtu. Una haki ya kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Kama anayekuandikisha anakuharakisha, ondoka.

Nikishiriki nalipwa?

Unarudishiwa nauli na kufidiwa muda wako. Ukiahidiwa fedha nyingi, ulizia kamati ya maadili iliyotoa kibali, maana fedha nyingi hununua ridhaa.

Selimundu imepata tiba kweli? Nimesoma kwamba imepona.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza katika jarida la kitabibu mwaka 1910, huko Chicago, daktari James Herrick alipoona chembe za damu zenye umbo la mundu. Dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa ajili yake, haidroksiurea, ilikuja mwaka 1998. Miaka 88. Na hata hiyo ilikuwa imeazimwa kwenye matibabu ya saratani. Iliyofuata haikuja mpaka 2017. Mimi naamini, na nimewaambia wageni uso kwa uso, kwamba ukimya huo unatokana na rangi na mifuko ya wanaougua.

Kwetu inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wa aina hiyo duniani. Mdogo wangu alikuwa na miaka minne alipoanza kulia miguu. Tulimpeleka hospitali moja hapa mjini mara tatu, mara tatu tukarudi na dawa ya malaria. Aliyemtambua ni muuguzi, kwa kumwangalia macho tu, njano ile. Sikusahau, na sidhani mama atasahau.

Sasa kuhusu tiba. Novemba 2023 Uingereza, na Desemba 2023 Marekani, ziliidhinisha Casgevy, ya kampuni za Vertex na CRISPR Therapeutics. Chembe mama za damu za mgonjwa hutolewa, zikahaririwa jeni maabara ili mwili urudi kutengeneza himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya kitoto ambayo haijikunji, kisha mgonjwa hupewa dawa kali za kusafisha uloto ulio ndani ya mifupa yake, na chembe zilizohaririwa hurudishwa. Ni kazi ya miezi. Mbinu hiyo ya kuhariri jeni ndiyo iliyowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Nobel ya mwaka 2020. Nimeona wagonjwa wakisimulia kwamba maumivu yamekoma, na nililia.

Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5 kwa mtu mmoja.

Kuna hadithi nyingine lazima niisimulie pamoja na hiyo. Voxelotor, kidonge cha kampuni ya Global Blood Therapeutics, kiliidhinishwa Marekani Novemba 2019 kwa sababu kilipandisha himoglobini. Pfizer ikainunua kampuni mwaka 2022 kwa dola bilioni 5.4. Septemba 2024 Pfizer ikaiondoa dawa duniani kote, kwa kuwa takwimu ziliashiria vifo na vipindi vya maumivu makali vingi zaidi kwa waliokuwa wakiimeza. Kipimo cha damu kilipendeza, mgonjwa hakufaidika ilivyotarajiwa. Tangu siku ile, mgeni anayetuonyesha grafu inayopanda namuuliza: na mtoto, je, alilazwa mara chache zaidi? Alienda shule?

Wakati huohuo haidroksiurea ya zamani bado haijawafikia wengi wanaoihitaji. Utafiti wa REACH uliofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda ulionyesha kwamba watoto wa Kiafrika wanaoinywa hupata maumivu machache, huongezewa damu mara chache, na hata malaria hupungua. Mdogo wangu anainywa, na sasa ni fundi umeme Temeke. Muhimbili wana programu ya selimundu tangu 2004, iliyojengwa na Julie Makani na wenzake, na Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma imeanza kupandikiza uloto kwa watoto. Kama una mtoto anayelia miguu na mikono bila sababu, macho yana unjano, mpeleke akapimwe selimundu. Usisubiri kuhariri jeni.

Kwa nini dawa mpya ni ghali hivyo?

Wageni hujibu: kwa sababu ya gharama ya utafiti, na kwa sababu dawa moja iliyofaulu hulipia tisa zilizoshindwa. Ni kweli kwa sehemu. Lakini kadirio moja mashuhuri la Chuo Kikuu cha Tufts lilisema dola bilioni 2.6 kwa dawa, na jingine la mwaka 2020 likapata chini ya dola bilioni 1 kwa dawa ya katikati, yaani nusu ya dawa ziligharimu chini ya hapo na nusu zaidi. Makadirio yakipishana hivyo, uliza nani kahesabu na kaingiza nini.

Tazameni lenacapavir ya Gilead, sindano ya kukinga VVU inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka. Katika jaribio la PURPOSE 1, Afrika Kusini na Uganda, kati ya wanawake na wasichana 2,134 waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyepata VVU. Iliidhinishwa Marekani Juni 2025 kwa bei ya dola 28,218 kwa mwaka. Dawa hiyohiyo, ikitengenezwa na kampuni za jeneriki, yaani za dawa za nakala, zilizopewa leseni na Gilead, imetangazwa kuuzwa takriban dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027 katika nchi 120. Rudieni namba hizo polepole. Kilichobadilika si kemikali. Ni leseni, na leseni ni uamuzi wa watu waliokaa mezani.

Ndiyo maana swali letu la kwanza kwa kila mgeni, kabla hajafungua picha zake, ni moja: nani ataipata, wapi, na hilo limeandikwa lini? Wengine hukasirika. Mmoja alituambia bado ni mapema mno. Nilimjibu kwamba hataza, ile haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiitengeneze, aliiomba mapema pia.

Mbona hamzungumzii mwarobaini, mlonge na dawa zetu?

Tunazungumzia, na sikubali dharau juu yake. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti, na Wajerumani waliupanda mti huo Amani, Usambara, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Artemisinin hutoka kwenye mmea wa qinghao, kama tulivyoona. Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili inayofanya utafiti wa mimea yetu.

Ila mmea kuwa na dawa ndani na mmea kuwa dawa ni mambo mawili. Chai ya pakanga ya Kichina, yaani qinghao hiyohiyo, ina kiasi cha dawa kisichotabirika: leo kingi, kesho kidogo, na kidogo hufundisha kimelea kuvumilia. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi hayo. Si hofu ya kubuni, kwani watafiti wa NIMR wamethibitisha Karagwe, Kagera, vimelea vilivyoanza kuchelewa kufa kwa artemisinin. Hapo ndipo ganaplacide inapohitajika. Matokeo ya awamu yake ya tatu, katika nchi 12 za Afrika, yalitangazwa Novemba 2025.

Mwaka 2011 nilikuwa na jirani aliyeacha vidonge vyake akaenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mitishamba cha Babu kwa shilingi 500. Simcheki. Alikuwa amechoka kuugua, na mtu aliyechoka anahitaji matumaini pamoja na ukweli, vyote viwili. Kinachokosekana kwa mimea yetu ni vilevile vinavyotakiwa kwa molekuli ya Basel: dozi, usafi, ulinganisho, na watu wanaohesabu waliopona na wasiopona.

Tanzania au Afrika inagundua dawa yake yenyewe?

Afrika, ndiyo. Kelly Chibale, Mzambia, alianzisha kituo cha H3D katika Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2010, na kituo hicho kiliongoza ugunduzi wa MMV048, dawa ya majaribio ya malaria iliyofika hadi kwa binadamu. Haikufika sokoni. Lakini watu waliojifunza kazi kupitia hiyo wapo, na kwa kuijenga fani, hilo ni zaidi ya nusu. Cape Town hiyohiyo, kampuni ya Afrigen ni kitovu cha kufundisha nchi nyingine kutengeneza chanjo za mRNA, yaani ujumbe wa kijenetiki unaouelekeza mwili kutengeneza protini. Nigeria ilikuwa na 54gene, iliyotaka kukusanya taarifa za jeni za Waafrika kwa ajili ya dawa. Ilianzishwa 2019, ikafungwa 2023. Mtaji ulikauka. Tunajifunza na kwa hiyo pia.

Hapa kwetu, Kibaha kuna kiwanda cha serikali, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba, kinachozalisha viuadudu vinavyotokana na bakteria kwa ajili ya kuua viluwiluwi vya mbu. Si kidonge, lakini ni bioteknolojia, na iko mwendo wa saa moja na ushee kutoka Ubungo barabara ikiwa nyeupe. Nguvu yetu kubwa kwa sasa ni majaribio na udhibiti: mwaka 2018 mamlaka yetu ya dawa ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya udhibiti wa dawa kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani.

Binti yangu yuko kidato cha nne na anataka kazi hii. Asome nini?

PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na asiikimbie hesabu. Baada ya hapo kuna famasia Muhimbili, baiolojia ya molekuli na bioteknolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Sokoine kwa upande wa mifugo na mimea. Lakini kampuni hizi huajiri pia watakwimu, wauguzi wa utafiti na wanasheria wa hataza, na hao wa mwisho tunao wachache mno.

Mwambie habari za Katalin Karikó. Baba yake alikuwa mchinjaji nyama katika mji mdogo Hungary. Chuo kikuu cha Marekani kilimshusha cheo mwaka 1995 kwa kuwa utafiti wake wa mRNA haukuleta fedha. Aliendelea. Mwaka 2005 yeye na Drew Weissman wakapata ufumbuzi, na Nobel ikaja mwaka 2023.

Mnalipwa na kampuni hizo?

Hapana. Ukumbi na maji tunachangishana.

Dawa imenidhuru. Nimwambie nani?

Mrudie aliyekupa, ukiwa na pakiti yake, na mwombe ajaze fomu ya njano ya TMDA ya madhara ya dawa. Hata kama madhara ni madogo, hata kama ni dawa ya siku nyingi. Muuza duka la dawa muhimu mtaani kwako naye anaweza kuripoti. Usiitupe pakiti, maana namba ya toleo ndiyo inayowaonyesha kama ni wewe peke yako au ni wengi.

Naweza kuleta swali langu kwa mgeni ajaye?

Ndiyo. Liandike kwa Kiswahili, kwa mkono ukipenda, uniachie mlangoni kabla ya saa nne. Kutafsiri ni kazi yetu. La mwezi uliopita lilitoka kwa bibi wa Vingunguti aliyetaka kujua kwa nini vidonge vya mjukuu wake havipatikani kwa ukubwa wa mtoto. Tumeliweka juu kabisa.